Termosi Hairudi Tupu

Jumatatu, tarehe 5 Juni. Kasha.

Nimepata! Yaani, karibu nimepata. Maman Valérie, gérante, bosi wa ile hoteli ya Nguba hapa Bukavu, amekubali kunijaribu. Safari tatu za tilapia kutoka kisiwa cha Idjwi. Zikienda vizuri, kontra ya mwaka mzima, yenye sahihi na muhuri.

Muhuri! Siku mke wangu Francine anaondoka kurudi kwa mama yake Idjwi, alisimama mlangoni akasema: "Papa Gloire, nitarudi siku utaniletea kontra. Mupango sitaki tena. Mupango nimeshiba." Akamchukua Gloire wetu. Akachukua hata mto wangu wa kulalia.

Na kosa langu nini? Niliuza friji yake ili ninunue mashine ya kuangulia mayai. Mayai mia mbili. Kwa hesabu, vifaranga mia na themanini. Umeme ukakatika siku tatu, vikatoka sifuri. Hesabu haikuwa na kosa. Ila nani anasikiliza hesabu katika nyumba hii?

Tatizo ni moja. Maman Valérie amenipa kidude cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni, anakiita enregistreur. Kinasafiri pamoja na samaki ndani ya glasieri, lile sanduku la baridi. Kila dakika kumi kinaandika digrii. Sifuri hadi nne, taa ya kijani. Kuzidi hapo, nyekundu. Ukifika, anakichomeka kwenye kompyuta, kinatoa mstari wa safari nzima. Mimi nimekiita Mpelelezi. Baba yangu alileta samaki miaka thelathini, hakuna aliyemshindilia kipimajoto.

Tena tunajaribiwa wawili. Mwenzangu ni nani? Placide! Placide wa glasieri mbili mpya. Placide yule yule aliyeniuzia mashine ya mayai.

Jumanne, tarehe 6 Juni.

Kimsingi, safari nzuri. Tilapia wazuri, barafu ya kutosha. Lakini mtu mwenye akili hawezi kuangalia glasieri yenye nafasi juu bila kuumia moyo. Ndani ya kanoti abiria thelathini, jua kali, na mimi nimekalia baridi! Nikapanga Fanta juu ya samaki. Ziliisha kabla hatujaona Bukavu.

Maman Valérie akatoa mstari. Mstari wenye milima! Akaweka kalamu kwenye kila kilele: "Papa Gloire, hapa ulifungua. Hapa ulifungua tena. Hapa je, samaki walikuwa wanaomba hewa?"

Nikasema ni mawimbi ya ziwa. Akasema mawimbi hayapandishi digrii. Mpishi akacheka. Ukutani, juu ya kichwa cha mpishi, wamebandika mstari wa Placide. Umenyooka kama meza.

Ijumaa, tarehe 9 Juni.

Nimemwelewa Mpelelezi. Hajui samaki wala Fanta. Anajua pale alipo, basi. Kwa hiyo nilimzika chini kabisa katikati ya mfuko wa barafu, na barafu yote nikampa yeye. Samaki juu yake. Fanta juu ya samaki. Kila mtu ghorofa yake.

Mstari ulitoka safi! Maman Valérie akautazama sana. Kisha akafungua glasieri, akamgusa tilapia mmoja kwa kidole, tumboni.

"Mashine iko na baridi," akasema, "lakini samaki iko na homa."

Samaki wakarudishwa. Nimewapa majirani wa Kasha, wakawakaanga papo hapo, wakanisifu kuwa nina moyo mwema. Moyo mwema! Imebaki safari moja tu.

Nilimpigia Francine nikamwambia mambo yanaendelea vizuri. Akauliza vizuri vya kweli au vizuri vya mayai. Nikasema mtandao unakatika.

Jumapili, tarehe 11 Juni.

Padre alihubiri juu ya mtumwa mwaminifu. Mimi nilikuwa natazama termosi.

Baada ya misa kulikuwa na chai ya kanisa, na mbele yangu termosi kubwa ya mdomo mpana, ile ya kuwekea uji. Nikauliza maman wa kwaya inashika moto muda gani. Mpaka kesho, akasema. Basi, inayoshika moto inashika na baridi! Mtu asome fizikia ya nini?

Nitamfungia Mpelelezi ndani ya termosi, na barafu yake, kifuniko kwa nguvu, safari nzima. Asione chochote, asisikie chochote. Samaki nitawapa barafu ya wastani. Na Fanta kidogo, za kulipia termosi.

Tena nitalala kwa mama mkwe, si bandarini na wavuvi. Francine anione mtu wa kazi, mwenye vifaa. Mstari wa safari hii utakuwa mnyoofu kuliko wa Placide. Nimeanza hata kuchagua shati la kusainia.

Jumanne, tarehe 13 Juni.

Mungu wangu. Niandike polepole.

Jana jioni nilifika kwa mama mkwe, Maman Cibalonza. Nikapokewa vizuri. Francine alinisalimia kama karani wa serikali, lakini alinisalimia. Mto wangu niliuona kwa macho, Gloire anaulalia. Mama mkwe akanipokea mizigo kama heshima inavyotaka: glasieri ikakaa barazani, termosi akaiingiza jikoni.

Jikoni! Mkwe mwanaume haingii jikoni mwa mama mkwe. Hata kuchungulia ni aibu. Kumwambia "mama, nirudishie termosi yangu" ni kusema nyumba yake ina wezi. Nikalala, jicho moja wazi. Nikajipa moyo: kifuniko kimefungwa, nani atakifungua?

Alfajiri mama mkwe akanisindikiza hadi njiani, ameshika termosi kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Nikaipokea kwa mikono miwili, nami nimeinamisha kichwa. Nikaona imekuwa nzito. Nikadhani ni usingizi.

Bukavu, bandarini, nilijificha nyuma ya magunia ya mananasi nimhamishe Mpelelezi kwenye glasieri. Nikafungua.

Uji! Uji wa sosoma, umejaa hadi mdomoni, unatoa moshi. Na katikati ya uji, Mpelelezi, anawaka nyekundu kama jicho la mlevi.

Nikampigia simu Francine. Akamuuliza mama yake. Nikamsikia mama mkwe kwa mbali, anashangaa kabisa: "Kwangu chombo haitokaka tupu! Aliniletea na maji baridi ndani, maskini, nikamwaga. Na ile kitu nyeupe nikaisafisha vizuri, nikairudisha mahali yake. Si ndiyo moyo ya termosi?"

Francine akauliza kwa sauti ndogo sana kitu cheupe gani. Nikasema mtandao unakatika.

Nilimfuta Mpelelezi, nikampuliza, nikamlaza juu ya barafu, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Nguba huku napiga hesabu. Muda wa saa kumi kwa digrii tatu. Muda wa saa tatu kwa digrii sabini na sita. Wastani: kumi na tisa nukta nane! Baridi kuliko kanisa letu siku ya Jumapili. Nikaingia nimenyoosha mgongo.

Maman Valérie akatazama mstari. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Papa Gloire. Saa kumi na moja asubuhi hawa samaki walichemka. Nani alikula?"

Nikaeleza wastani. Akacheka mpaka akakaa. Mpishi akaitwa aje aone. Mwenye kufagia akaitwa. Kisha akakoma kucheka, na hapo ndipo niliumia, kwa sababu alisema kwa upole: "Rudi nyumbani, papa. Kesho nasaini na Placide."

Uji niliunywa peke yangu kando ya ukuta wa hoteli. Ulikuwa mtamu sana. Aliutia hata maziwa.

Jumatano, tarehe 14 Juni.

Sikulala. Si kwa huzuni. Kwa ule mstari wa Placide.

Asubuhi nikaenda Nguba kabla ya sahihi. Placide alikuwepo, shati limepigwa pasi. Akaniuliza: "Tonton, leo umeleta supu?" Nikampuuza. Nikaonyesha ukutani.

"Maman Valérie, ili uweke samaki lazima ufungue kifuniko. Ukifungua kifuniko, mstari unapanda, hata kidogo. Ukitoa samaki, vilevile. Huyu mstari wake hauna hata chunusi. Mashine hii haijawahi kuona samaki. Imelala mahali."

Maman Valérie akautazama ukuta. Akamtazama Placide. Placide akatazama viatu. Akakiri: mashine ilikuwa inalala ndani ya friji ya shangazi yake, hapa hapa Nguba, karibu na siagi!

Maman Valérie akaniuliza nimejuaje. Nikasema: uzoefu.

Akachana karatasi zote mbili, yangu na yake. Akasema hataki kuona mwanaume yeyote mwenye samaki mlangoni pake wiki hii. Haki imetendeka. Sijui kwa nini niko nje nayo.

Jumamosi, tarehe 17 Juni.

Kumbe Mpelelezi ana karatasi mgongoni yenye namba ya simu ya hoteli. Kumbe mama mkwe, alipokuwa anaosha "moyo ya termosi", alimwita Gloire amsomee. Kumbe Gloire alikumbuka namba, kichwa cha baba yake! Na kumbe Francine alipiga.

Aliomba msamaha kwa ajili ya uji. Akaomba msamaha kwa ajili yangu, jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Kisha akasema yeye amekulia kati ya wavuvi, apewe safari moja. Maman Valérie akamtumia Mpelelezi kwa nahodha wa kanoti.

Leo nilimpokea bandarini. Glasieri moja, barafu chini, samaki, barafu, samaki, barafu, Mpelelezi katikati yao, kifuniko kimefungwa kwa kamba ya mpira. Nikanyoosha mkono nione ndani. Akanipiga kofi vidoleni.

Mstari: umelala chini ya nne, na vilima viwili vidogo. Kimoja cha kupakia, kimoja cha kupakua. Maman Valérie akaugusa taratibu na kusema: "Hii ndiyo safari." Akatoa kontra. Jina: Francine Maombi. Sahihi. Muhuri! Mstari wa chini kabisa, "mubebaji": Bruno Zagabe, ndiye mimi. Nilisaini kwa herufi kubwa.

Tukatoka. Nikamwambia Francine: si nilisema nitakuletea kontra? Alinitazama sana. Nikadhani atalia. Akanipa glasieri tupu nibebe, akapanda moto wa mbele.

Jumatatu, tarehe 19 Juni. Kasha.

Wamerudi. Nyumba ina kelele. Mto umerudi, unanuka mafuta ya nywele ya Gloire, nimeulalia hivyo hivyo, nimelala usingizi mzito.

Masharti ya bosi wangu: sifungui glasieri, siuzi Fanta, sishiki Mpelelezi. Nimekubali yote. Mwanamke amefanya kazi, mwenye macho aone.

Ila juu ya samaki kuna nafasi. Nimeipima kwa mkono. Chupa kumi na nne, zikilala vizuri.

Na sasa nimejua siri ambayo Placide hakuijua: mstari wa kweli una vilima viwili. Nimenunua termosi mpya, ya chuma, kifuniko kina tundu la kufuli. Mama mkwe mwenyewe hataiweza. Mpelelezi atakaa humo na barafu yake, nami nitaifungua mara mbili tu, kidogo, mara moja Idjwi na mara moja Bukavu.

Ufunguo nimeuficha ndani ya mto.