Vidonge vya Eustace

Jumatatu, 5 Mei 1975
Mwaka wa pili unakwisha tangu niondoke Tukuyu. Leo nimeshindwa tena. Lori la ulezi lilipofika kona ya kwanza ya mteremko wa Muze, moyo ulianza kupiga ngoma, pumzi ikakata, vidole vikafa ganzi. Nikajua nakufa. Nikaruka! Dereva Polikarp akaniambia nimeajiriwa kushusha magunia, si kujishusha mwenyewe. Nimerudi kwa miguu, nyayo zinawaka. Nilikuja huku juu ya lori nikiimba. Hofu hii ilinishika mwaka jana tu, bila sababu. Na nyumbani hakufikiki ila kwa lori. Mke wangu Ndimyake anaamini nina mwanamke huku. Mwanamke! Ni kona tu.

Jumatano, 7 Mei
Hospitali ya misheni, pamoja na Eustace, mpakiaji mwenzangu, Mfipa. Yeye hofu humshika kanisani, husali mlangoni kama mbuzi wa padri. Daktari amenipima, kasema moyo wangu mzima. Nimetukanwa! Kasema hofu nayo ni ugonjwa. Dawa yenyewe ilitengenezwa kwa watu wenye huzuni nzito, lakini wenye hofu nao wengi huwasaidia, ingawa si wote. Kidonge kimoja kila jioni, hofu iwepo isiwepo. Tusitegemee nafuu kabla ya majuma kadhaa. Nikaomba cheti cha kupumzika kazi. Akakataa. Ukiikimbia kona, kasema, kona inanenepa.

Alhamisi, 8 Mei
Nimefikiri. Kitandani kwangu hapa Kizwite hakuna kona. Kwa nini nipoteze dawa nzuri kitandani? Naweka akiba. Eustace anameza chake kila jioni kama komunyo. Mjinga!

Jumanne, 13 Mei
Jana nilijifunga kamba kwenye magunia, nikameza vinne kwa mpigo, kama vya malaria. Kona ikanitesa vilevile. Halafu usingizi ukaniangukia. Muze wakanishusha pamoja na mzigo. Akina mama, naambiwa, wakanifunika kanga usoni, wakaanza kulia, huku wakiuliza mimi ni wa ukoo gani. Nimeamka leo Kizwite, mdomo mkavu kama unga. Nimefika Muze na sijaiona! Nesi Fransiska amenigombeza: kaka, hiyo si klorokwini, utajiua.

Jumapili, 8 Juni
Eustace amekaa benchi la mbele kanisani! Ameimba mpaka mama yake akatoa machozi. Anasema moyo bado hubisha hodi, lakini hakuna wa kuukaribisha, basi unaondoka. Mambo ni wazi. Yeye Mfipa mwenzao, hospitali wamempa vikali, mimi wa kuja wamenipa makapi. Alipokwenda kuoga nimebadilisha makopo yetu ya vidonge. Vikali havitaki mchezo. Nitameza kimoja kimoja kila jioni, kama yeye. Maskini, atarudi mlangoni.

Jumanne, 8 Julai
Muze! Kwenye kona moyo ulibisha hodi. Nikangoja. Ukaondoka. Nimeshusha magunia yote, nimekula wali na samaki wa ziwani, macho wazi. Mama mmoja kaniona, katupa ungo, kakimbia. Alidhani nimefufuka. Ajabu moja tu: Eustace anameza makapi yangu na bado anaimba.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemwomba Nesi Fransiska anijazie kopo, vya aina ya Eustace. Kacheka mpaka kakaa chini. Vyote hutoka chupa moja! Na Eustace alijua siku zote kwamba nimebadilisha. Kaniambia: Mnyakyusa, kopo langu lilikuwa na kutu, lako jipya, asante sana ndugu yangu. Nesi kasema nilichoiba si dawa, nimeiba desturi ya kumeza kila jioni. Niendelee kwa miezi, nisiache mpaka daktari aseme.

Ijumaa, 11 Julai
Nimefikiri tena. Kama vidonge ni vilevile, na mwezi wa tano havikunifaa, basi si vidonge vilivyoniponya. Ni kona iliyonizoea! Nimeacha tangu jana. Vilivyobaki ni akiba ya kona za njia ya Tunduma, ya kwenda nyumbani, vinne vinne. Lori linaondoka Jumatatu tarehe 28. Nimemtumia Ndimyake salamu: aningoje mwisho wa mwezi huu. Na wakinishusha nimelala, asiruhusu mtu kulia.