Mzigo Uliofukiwa Kichuguuni

Jumamosi, 1 Machi

Imekuwa! Leo Bosi amepanda juu ya marobota ya sponji na kututangazia wafanyakazi wote kwamba Alhamisi tunakwenda porini. Tutajifunza kuishi bila chochote. Kuwasha moto bila kiberiti. Kutafuta maji. Kulala chini. Sisi, watengeneza magodoro!

Kila mtu anajua maana yake. Tawi jipya linafunguliwa na halina meneja. Bosi anataka kuona nani ana moyo wa kuongoza watu. Tuko wawili tu: mimi, msimamizi wa ghala, na Mhasibu, kijana mwembamba anayekunywa maji ya moto matupu na kusema ni afya. Sina wasiwasi naye hata chembe.

Mama mkwe, anayeishi nasi, nimeshamwambia kazi nimepata. Huyu mama miaka yote huniita "huyo wako" anapozungumza na binti yake. Huyo wako amerudi? Huyo wako amekula? Leo ameniita mkwe wangu na kunipisha kwenye kiti chenye mgongo. Mke wangu akanivutia jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Nikamwambia mambo makubwa yana hatua zake.

Jumatatu, 3 Machi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakuna aliyesema asiiname mapema.

Nilimwomba Bosi ruhusa, nikasema jino. Akanipa pole ya dhati. Nikakodi pikipiki hadi bonde ambalo dereva wa kiwanda aliniambia ndiko tutakakopiga kambi. Nikambebesha mwenye pikipiki mpaka barabara ilipokwisha, kisha nikabeba mwenyewe: mikate, samaki wa kopo, kiberiti, blanketi. Na mto. Mto ni wa ghalani, lakini si wizi, ni kuijaribu bidhaa katika mazingira magumu. Vyote nimevifunga kwa nailoni yetu ya magodoro, ambayo maji hayapenyi hata ukisali. Fundo nimepiga lile langu la ghalani, ambalo hakuna mwingine anayeliweza.

Mvua ilikuwa imenyesha. Matope matupu! Kanga mmoja akachomoka kichakani, nami nikaongeza mwendo kidogo. Si woga. Ni tahadhari. Nikafukia mzigo nyuma ya kichuguu kikubwa na kuondoka nikipiga mluzi. Akili ni mali, jamani.

Alhamisi, 6 Machi

Tumefika. Kiongozi wetu ni mwanamke mstaafu wa jeshi, mfupi, sauti kama honi ya lori. Tunamwita Afande. Kwanza alitupekua wote. Kwenye soksi yangu akatoa biskuti. Nikamwambia sijui imefikaje. Akaila mbele yangu, taratibu, akinitazama machoni.

Kisha moto. Tulipewa vijiti vya kupekecha. Cha Mhasibu kikatoa moshi, halafu cheche, halafu moto, na watu wakampigia makofi kama bwana harusi. Changu kikavunjika. Cha pili pia. Nikamweleza Bosi kwamba kuna watu wa moshi na kuna watu wa mikakati. Akasema ni kweli, sijui kwa maana gani.

Chakula kilikuwa mizizi michungu. Bosi alitafuna, akafumba macho, akameza. Tumbo lake lilinguruma mpaka Dada wa Cherehani, fundi wetu wa foronya, akadhani ni mnyama. Nilimwonea huruma Bosi kwelikweli. Lakini nilifurahi pia, maana kesho nitapotea kidogo na kurudi na samaki. Nitasema nimewavua kijitoni kwa mikono. Mchuzi wa nyanya nitauosha.

Ijumaa, 7 Machi

Mkosi! Mkosi mtupu!

Asubuhi Afande alitangaza somo la kusoma nyayo. Nikapiga miayo. Tukatembea mpaka njia ya kutokea barabarani, na pale, loo, nyayo. Matope ya Jumatatu yamekauka yakawa saruji. Afande akapiga magoti, akafurahi kama aliyeokota dhahabu.

Akasema huyu ni mwanamume, mzito, hana mazoezi. Bega la kulia lina mzigo, ndiyo maana mguu wa kulia umezama. Hapa amekaa kupumzika. Hapa amekaa tena. Mhasibu akauliza huenda ni mzee? Afande akasema hapana, ni mvivu.

Nikasema huyo bila shaka ni jangili, ana bunduki, turudi. Nilidhani nimewatisha. Ebo! Bosi macho yakamng'aa, akasema basi tumfuate tumkamate! Sijawahi kumwona Bosi na furaha namna ile. Tukafuata.

Njiani Afande akasimama. Akasema hapa mtu wetu ametimua mbio, hatua ndefu, kateleza, kaanguka kwa makalio, kainuka, kakimbia tena. Kuna nini? Akatafuta kilichomkimbiza. Akaonyesha nyayo ndogo ndogo za kanga. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Dada wa Cherehani akakaa chini na kulia machozi. Mimi nilicheka kuliko wote, nisije nikashukiwa.

Kichuguuni Mhasibu akafukua. Nailoni ikatoka, muhuri wa kiwanda chetu umeandikwa kwa herufi nyekundu. Fundo likawashinda, wakalizungusha huku na huku, na Dada wa Cherehani akasema kwa nia njema kabisa kwamba nipewe mimi, maana fundo hili ni mimi tu ninayeliweza.

Wote wakanigeukia.

Nikalifungua. Ningefanyaje? Watu wana njaa.

Afande akaniomba niweke kiatu changu kwenye unyayo. Kikaingia barabara. Nikawaeleza kwamba nilikuja kwa kujitolea, kuwawekea akiba ya dharura, na nilikuwa nasubiri dharura ifike. Vinywa vyao vilikuwa vimejaa mkate. Bosi alikula samaki makopo mawili. Nani amewalisha? Mimi! Uongozi ni huo.

Ila mto Bosi hakuulalia. Aliushika magotini muda mrefu, akiugeuza.

Jumamosi, 8 Machi

Kwenye gari la kurudi Bosi aliniita nikae naye. Nikajua mambo yamejibu.

Akaniuliza jino linaendeleaje. Nikasema vizuri, asante.

Halafu akaniambia neno ambalo nimeligeuza kichwani njia nzima. Akasema tawi lilikuwa langu. Aliamua tangu mwezi uliopita. Safari hii haikuwa mtihani wa mtu yeyote, alitaka tu watu wachoke pamoja na wacheke. Akasema alinichagua mimi kwa sababu moja: katika ghala langu haijawahi kupotea hata foronya. Kisha akaweka ule mto mapajani mwangu, akageukia dirishani. Tawi amempa Mhasibu.

Niliumia. Naliandika hili kwa kuwa hakuna anayesoma. Niliukumbatia ule mto mpaka gari liliposimama.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amewaita majirani. Soda zimepangwa mezani. Nikawaambia uteuzi umesogezwa mbele kidogo kwa sababu za kiofisi. Majirani wakanywa soda zao na kuaga. Nikiwa bafuni nikamsikia mama mkwe akimuuliza mke wangu huyo wako ataoga mpaka lini. Mke wangu akamjibu kwamba huyo wake amechoka, aachwe. Akaniletea taulo mlangoni.

Jumatano, 12 Machi

Nimelala, nimekula, nimefikiri. Sasa naona wazi kosa lilikuwa wapi.

Leo Bosi ametangaza kwamba watu wameipenda safari, na mwisho wa mwezi tunakwenda ziwani kujifunza kuvua na kutengeneza chelezo. Afande ndiye kiongozi tena. Mhasibu hajahamia tawini bado, atakwenda huko baada ya safari. Kwa hiyo, kwa mtu mwenye akili, nafasi iko wazi!

Mpango wangu ulikuwa safi tangu mwanzo. Mzigo safi, kichuguu safi. Kosa ni moja tu, nalo ni dogo: nilivaa viatu vyangu.

Mhasibu alisahau buti zake garini, zimejaa tope. Nimejitolea kumwoshea. Alinishukuru sana, maskini, akasema hakujua nina moyo wa namna hii. Nimezivaa jioni hii na kuzunguka uani. Ni ndogo, vidole vimekunjamana na kisigino kiko nje, lakini mpaka ziwani na kurudi nitavumilia.