Zawadi za Maana za Bethdei ya Danieli

Leo nimeadhirika, wenzangu. Si kuadhirika kwa kujikwaa sokoni, ukainuka, ukajipangusa. Nimeadhirika mbele ya mtaa mzima wa Nguvumali, wake kwa waume, na jeneza likiwepo. Nawaandikia ninyi wa kwaya yetu huko mlimani kabla habari haijapanda basi ikawafikia imetiwa chumvi. (Ingawa sijui chumvi wataitia wapi. Nafasi haipo.)

Danieli wangu ametimiza miaka sita leo. Mnajua kwamba tangu Baba Danieli apate ukarani relini tukashuka huku pwani, mtoto hana rafiki. Kule nyumbani alikuwa na binamu wa kumwaga. Huku hukaa kizingitini akitazama wenzake wakicheza gololi, na akisogea, wanauhamisha mchezo. Inaniuma sana. Basi nikasema nitafanya bethdei, niwaite watoto wote wa mtaa, na Mungu akipenda mwanangu atapata hata mmoja wa kucheza naye.

Sasa, bethdei huku ina mwalimu wake. Anaitwa Mama Joyce, mke wa karani mwenzake mume wangu. Aliwahi kuwa yaya kwa Wazungu wa mkonge, basi ustaarabu wote wa dunia uliishia nyumbani kwake. Mwezi uliopita alimfanyia Joyce bethdei, na watoto walipoondoka kila mmoja akapewa kifuko cha kuagia. Ndani yake puto, pipi mbili, na filimbi ya bati. Filimbi, wenzangu! Mtu mzima mwenye akili zake anampa mtoto wa jirani filimbi! Maputo yalipasuka kabla ya magharibi. Pipi ziliishia njiani. Filimbi zikabaki kututoboa masikio, mpaka Baba Danieli akawa anaota treni imeondoka bila yeye.

"Ndivyo wafanyavyo Ulaya," Mama Joyce aliniambia, kidevu juu.

"Mimi wangu nitawapa kitu cha maana," nikamjibu kwa upole. (Sikuwa mpole.)

Maana mimi nimefundishwa maarifa ya nyumbani na mabibi wa misheni. Naijua tofauti ya zawadi na takataka. Nilikaa nikafikiri: watoto hawa wanahitaji nini? Pua zao ziko wazi mwaka mzima, basi wanahitaji vitambaa vya pua. Mikono yao, heri nisiieleze, basi sabuni. Masikio, pamba. Kifurushi kidogo, safi, chenye faida kwa nyumba nzima. Mama wa mtoto atakifungua na kusema, kumbe huyu wa mlimani ni mtu.

Asubuhi nikaenda duka la pembeni kwa Bwana Kassamali. Nikaomba bafta nyeupe, yadi za kutosha. Akapima. Nikaomba pamba. Akanitazama. Nikaomba sabuni, na uso wake ukaanza kulegea.

"Wewe si mpangaji wa Bi Mwanasha?" akauliza.

"Ndiye mimi."

"Na hivi vyote ni vya kwa Bi Mwanasha?"

"Vya huko huko. Ni leo, na bado sijaandaa hata nusu."

"Kweli wiki nzima sijamwona," akasema, akashusha pumzi ndefu.

(Bi Mwanasha ndiye mwenye nyumba wetu, bibi mtu mzima sana mwenye ulimi mkali kuliko umri wake. Alikuwa kwenye harusi ya mpwa wake kule Tongoni. Amerudi leo alfajiri, amechoka, akajifungia chumba cha nyuma kulala. Sikuona sababu ya kumweleza mwenye duka hayo yote.)

Bwana Kassamali akanong'ona maneno ya Kiarabu. Nikaitikia amina, maana baraka ni baraka. Kisha, bila kuombwa, akanyoosha mkono rafu ya juu akashusha vipande vyeupe vyenye harufu kali.

"Na kafuri?"

Nikanusa. Harufu ya makabati ya misheni! Kule mabibi walikuwa wakiweka kitu chenye harufu hiyo hiyo katikati ya mashuka kufukuza nondo. Nikaona huyu ndiye mfanyabiashara hasa, anamjua mteja kabla mteja hajajijua.

"Weka! Bwana Kassamali, kazi yako unaijua."

"Tumezoea, mama," akasema, macho chini.

Akanipunguzia bei, mimi sijafungua kinywa. Akaongeza chupa ya marashi ya waridi, akasema hiyo ni yake mwenyewe, niichukue tu. Nilipotoka nikamsikia akifunga bawa moja la mlango wa duka. Nikadhani anakinga jua.

Nikarudi mbio. Nikakata bafta, nikapanga sabuni, pamba na kipande cha kafuri juu ya kila kitambaa, nikafunga kwa uzi mweupe, nikanyunyizia marashi. Vilipendeza! Nilivipanga mezani nikasimama kuvitazama kwa kiburi ambacho sasa nakilipia.

Watoto wakaja wote. Keki niliioka kwa makaa juu na chini, ikaungua upande mmoja tu, nao nikaugeuzia ukutani. Mama Joyce naye akaja, hakualikwa, kavaa gauni la Krismasi.

"Maputo yako wapi?" akauliza.

"Yalipasuka mwezi uliopita," nikamjibu.

Na mnajua nini? Bethdei ilienda vizuri. Watoto walikula, wakaimba, halafu binti wa nyumba ya mkabala, Saumu, akamshika Danieli mkono akamwambia, "Njoo tucheze gololi." Mwanangu akacheka mpaka mapengo yakaonekana. Nilikwenda jikoni nikajifuta macho kwa kitambaa cha bafta kilichobaki. (Kinafyonza vizuri.)

Wakati wa kuaga nikawapanga mstari, kila mtoto kifurushi chake. "Mpelekee mama, akifungue mwenyewe." Saumu akakinusa.

"Chanukia kama siku ile ya bibi," akasema.

"Bibi yako anaujua usafi," nikamjibu.

Mama Joyce akatazama vifurushi, akatazama paa, akanyamaza. Ningejua hapo kwamba kuna jambo. Mama Joyce hanyamazi bure.

Yowe la kwanza lilitoka nyumba ya mkabala. La pili likatoka nyumba ya tatu. Kisha mtaa mzima ukaitikia, na nikawaona wanawake wakija, kanga kichwani, kila mmoja na kifurushi changu. Mama Saumu alikuwa ametangulia, amekishika chake kwa vidole viwili kama aliyeshika mkia wa panya.

"Mama Danieli! Mwanangu amekukosea nini?"

"Na wangu?" mwingine akadakia. "Watutakia nini wewe mwanamke? Twakukaribisha vizuri, wewe wawafungia watoto wetu safari?"

Mimi nasema, "Safari gani, jamani?" Wao wanawavuta watoto wao mikono. Danieli akabaki katikati ya uwanja peke yake, gololi mkononi, mdomo umeanza kupinda. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Si kwa ajili yangu. Niliona yale yote niliyoyafanya kwa ajili yake yanaondoka na wale mama, kila mmoja na mtoto wake.

Kelele zikamtoa Bi Mwanasha chumbani, macho bado yana usingizi.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Shikamoo yako niwekee. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi nani atakufa?"

Akachukua kifurushi mkononi mwa Mama Saumu, akakifungua, akanusa. Nikaanza kueleza haraka haraka, vitambaa vya pua, mikono, nondo, na pamba ya masikio.

"Ya masikio naijua," akasema Bi Mwanasha. "Na ya puani waijua? Mwanangu, huku kwetu mtu akifa twamwosha kwa sabuni hii. Twamtia pamba hii na kafuri hii. Twamvika bafta hii, na marashi haya twamnyunyizia. Hukusahau kitu. Ulibakisha jeneza tu."

Naapa hakumaliza kulitamka.

Pale pembeni mwa njia zikatokea kofia nyeupe, nyingi, na juu ya mabega jeneza la msikiti. Mbele yao Bwana Kassamali, uso umekunjamana kwa huzuni, mkononi kakamata chetezo cha ubani. Walikuwa wametoka kuswali alasiri. Nao walipowaona wanawake wamejaa mlangoni wanapiga kelele, hawakuwa na haja ya kuuliza.

Bi Mwanasha akashuka ngazi, mikono kiunoni, akawazibia njia.

"Mwaenda kumzika nani?"

Waliobeba mbele wakasimama, waliobeba nyuma hawakuona kitu wakaendelea kusukuma, na jeneza nusura limwangukie Bwana Kassamali. Akamtazama Bi Mwanasha juu mpaka chini.

"Wewe," akasema.

Halafu yule bibi, badala ya kuzimia kama binadamu wa kawaida, akaanza kuwakagua waliokuja kumzika, mmoja mmoja.

"Mzee Hatibu, nimekuwa jirani yako tangu ujana. Mbona hulii?"

"Nilikuwa... ningelia makaburini," akasema Mzee Hatibu.

Mtaa wote ukageuka kunitazama mimi. Bwana Kassamali akaninyooshea kidole. "Ni huyu! Alisema ni ya kwa Bi Mwanasha! Alisema ni leo!" Maarifa yote ya nyumbani yaliniondoka, hata jina la sabuni nisingelikumbuka. Mama Joyce akapita karibu yangu akasema taratibu, ili kila mtu asikie:

"Mimi niliwapa filimbi tu."

Na Baba Danieli? Mume wangu wa ndoa, ambaye kanisani aliahidi kusimama nami katika shida? Akatoka ndani na sinia, akawauliza wachukuzi wa jeneza kama watakula keki. Wakala! Jeneza wakaliegemeza ukutani kwangu, wakala na upande ulioungua, mmoja akaomba aongezwe.

Bi Mwanasha ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, na mtaa ukamfuata. Kisha akatandika kanga yake chini. "Vileteni vyote hapa. Sandukuni mwangu sanda ninayo, kafuri na sabuni nilikuwa sijanunua. Huyu ni mpangaji wa kwanza kuniwazia mbali." Wanawake wakarudisha vifurushi mbio, na yeye akavipokea kama mahari. Kwa hiyo ninyi mnaotafuta zawadi ya maana, ipo, ila mtafute mtu wa umri unaofaa.

Lakini Danieli alikuwa bado analia nyuma ya mlango. "Hawatacheza na mimi tena," alikuwa akisema. Wenzangu, nilitazama gauni la Krismasi likiondoka, na nikaimeza fahari yangu yote bila maji. Nikamkimbilia Mama Joyce nikamwomba filimbi zilizombakia tangu bethdei ya Joyce.

"Filimbi?" akasema. "Si kitu cha maana, mwenzangu."

"Nakuomba."

Akaingia kwake, akatoka na kopo zima. Alinipa kwa tabasamu ambalo nitakwenda nalo kaburini, na vifaa vingine nimeshagawa. Nikasimama uwanjani nikapuliza moja, mimi, mke wa karani, mwanafunzi wa mabibi. Watoto wakatoka kila mlango. Danieli akawa mgawaji. Sasa wanamwita yule wa nyumba ya maiti anayetembea, na kila mtoto anataka kuwa rafiki yake.

Jua halijazama, na filimbi zinalia nje ya dirisha langu kama stesheni imevamiwa. Ya Danieli ndiyo kubwa kuliko zote. Tafadhali msinicheke, na barua hii msimsomee mtu. Ningetoka niwanyamazishe, lakini kila nikishika kitasa cha mlango, Bi Mwanasha huniita kutoka chumba cha nyuma: "Waenda wapi, mwanangu? Wataka kunizika tena?"