Siku Sita za Kulea Fuwele

Jumatatu, 7 Julai

Tumefika. Mjukuu wangu kaja shule ya likizo kusomea fuwele, yeye na wenzake ishirini, wote watafiti wachanga. Mimi nimekuja kumshika kitukuu, Bwana Mkubwa, miezi mitano, bado ananyonya. Shule sikukanyaga hata siku moja, herufi nilifundishwa na wanangu jikoni, na leo nalala bweni la chuo! Kitanda cha juu sipandi, nimeshawaambia.

Kazi yenyewe: wanadondosha matone ya protini kwenye sahani yenye vishimo, kisha wanasubiri yafanye vijiwe vinavyometa. Ijumaa vinapigwa eksirei. Nafasi kwenye mashine imebaki moja. Mjukuu akiikosa, utafiti wake wa miaka miwili unalala mwaka mzima. Akiikosa, mimi si bibi yake.

Jumanne, 8 Julai

Matone ya mjukuu maji matupu. Ya yule kijana wa kola iliyopigwa pasi yameshaota vijisindano. Kapita akiniamkia shikamoo Bibi, eti ya kwenu yanaendeleaje. Nikamwambia marahaba mume wangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mwalimu kasema fuwele hupenda utulivu. Utulivu gani, na lile kabati la baridi wanamoweka sahani linanguruma kama mzee mwenye mafua? Wakiwa wanakula mchana nikaingia maabara, Bwana Mkubwa mgongoni, nikachomoa waya. Kimya kitamu!

Jumatano, 9 Julai

Balaa. Kabati limepata joto, vijisindano vya Kola vyote vimeyeyuka. Mwalimu akauliza nani kaingia, na ukutani pameandikwa Usiguse. Nikasema sikugusa kitu, nilichomoa. Mjukuu akafunika uso. Kola akaketi kuanza upya, macho mekundu. Nikampelekea chai. Mshindani ni mshindani, lakini mtoto wa watu hakutia kitu tumboni tangu asubuhi.

Alhamisi, 10 Julai

Bado maji. Mjukuu kagoma kula. Nikawaza: mimi najua kitu gani kinachofanya vijiwe vya kumeta? Chumvi! Miaka hamsini naiona ikiota ukingoni mwa sufuria. Mlango sasa unafungwa, ufunguo anao mama mfagizi, na tumeshakuwa mashoga. Wenyewe wakiwa darasani, nikaingia na pini ya nepi na chumvi ya jikoni. Punje kwa kila kishimo cha mjukuu. Safu tatu nikamaliza. Ya nne, Bwana Mkubwa akaangua kilio, nikatoka mbio.

Ijumaa, 11 Julai

Vijiwe! Vikubwa, vyeupe, pembe nne sawasawa! Watu wakapigana vikumbo kwenye hadubini. Nafasi ikawa yetu. Nikapiga kigelegele, Bwana Mkubwa akacheua.

Saa nane picha ikatoka. Mwalimu akaitazama, akavua miwani. Chumvi. Akasema ilimdanganya hata yeye ujanani. Mjukuu akaketi sakafuni akalia kama alivyolia akiwa na miaka sita. Maini yakanikatika. Nikasema ni mimi, mbele ya wote, safu tatu nilizitia. Mjukuu akasema Bibi, ungenizaba kofi tu ingekuwa nafuu.

Kola ndiye aliyeomba safu ya nne itazamwe kabla mashine haijazimwa. Akainama kwenye hadubini, akaniita, mke wangu, hebu njoo uone. Kijiwe kimoja, kidogo kama yai la chawa. Wakakipiga eksirei. Madoa, madoa, madoa, picha nzima! Ndiyo dalili ya protini yenyewe, akasema mwalimu, naye anaruka kama mtoto. Mjukuu akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Jumamosi, 12 Julai

Tunafunga mizigo. Mjukuu ana picha yake. Kola anazunguka ua na Bwana Mkubwa begani, shati limecheuliwa lote, wala hajali. Nimempenda, bure tu nilimwonea.

Mjukuu kaniapisha sitatia chumvi tena. Nimeapa, mkono juu. Akanieleza taratibu kwamba safu ya nne ilifaulu kwa sababu sikuifikia. Maskini, na usomi wote huo! Iliona jirani zake zinang'aa, ikashikwa na wivu. Nimemwacha aamini anavyotaka.

Anasema mwakani ataotesha protini nyingine, kaidi kuliko hii. Ya sukari sikuapishwa.