Kikosi cha Daraja na Mawe ya Mizani

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Chumba kina vitanda viwili, meza moja na dirisha linalotazama ukuta. Ofisi ya vipimo inabana matumizi, kwa hiyo nimelazwa chumba kimoja na Kanuni. Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho. Sisi tunamwita Kanuni kwa sababu hawezi kuomba chumvi bila kutaja kifungu. Wiki nzima! Tumetumwa kukagua mizani za masonara wa mji huu, mimi nikiwa mkaguzi mkuu, yeye msaidizi wa kuandika ripoti.

Chini ya soksi zangu kuna kopo la biskuti. Ndani yake nusu ya kikosi cha walinzi wa daraja, askari wa kuchezea, kila mmoja mrefu kama kidole gumba, wote bado kijivu; nusu iliyopakwa iko chamani. Jumamosi alasiri chama chetu cha vita vya mezani kinapigana upya vita vya daraja la mji wangu. Mji niliozaliwa. Mji uliofunikwa na maji ya bwawa la umeme nikiwa kijana, na sasa hausimami popote ila juu ya meza ile, kwa daraja nililolijenga mwenyewe kwa njiti za kiberiti, kwa kukumbuka tu. Katika historia walinzi walishindwa. Katika chama wameshindwa kila tulipocheza. Safari hii jemadari wao ni mimi.

Sharti ni moja: askari asiyepakwa rangi haingii mezani. Nikifika na askari wa kijivu, uongozi unakwenda kwa makamu. Makamu ni shemeji, mume wa dada yangu.

Shemeji ameshatuma ujumbe. Anauliza, kwa upole unaochoma, kama aandae kikosi chake endapo kazi itanielemea. Kikosi alichokinunua kikiwa kimeshapakwa! Kina kola za manjano, zilizoanza kuvaliwa kizazi kizima baada ya vita vile. Nimemjibu asijisumbue.

Kanuni ameuliza vile vichupa vyangu ni vya nini. Nimesema dawa ya fangasi. Amesogeza kitanda chake hadi ukutani.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi mbaya. Nilibandika askari kwenye kifuniko cha chupa, nikakishika, nikaanza koti. Kifuniko chepesi, mkono wangu si ule wa ujana. Mshika bendera akaanguka ndani ya kikombe cha chai. Nilimwokoa. Chai nilimwaga, ingawa Kanuni alikuwa ameshaionja.

Baadaye wazo. Wazo safi kabisa!

Sanduku la mawe ya mizani tunasafiri nalo, na ufunguo ninao mimi. Mawe ya shaba, yaliyothibitishwa na makao makuu, ambayo kwayo mawe yote ya nchi hupimwa. Kila jiwe lina kifundo juu na kitako bapa chini. Ukiligeuza kichwa chini, kifundo kinakaa vidoleni kama kilichongwa kwa ajili yangu, na juu ya kitako askari anasimama wima. Zito, halitetemeki. Nimewabandika kwa gundi laini ya buluu, ile ya kubandikia picha ukutani. Inabanduka bila kuacha kitu.

Ni kweli, kwa miaka mingi nimewafundisha vijana wa ofisi kwamba mawe haya hayaguswi kwa mkono mtupu. Glavu na kibano tu. Lakini lile lilikuwa somo la wanaojifunza.

Kanuni alikwenda mjini kununua wino. Makoti mekundu yamekamilika, na jioni nimewabandua askari, mawe yakarudi sandukuni. Mishipi myeupe imekaa kama imechorwa na sindano. Nilipopaka buti nilimkumbuka mama akiniongoza juu ya daraja lile kwa kunishika ukosi, na mbao ya tatu iliyokuwa ikilia tukiikanyaga. Mezani haitalia. Lakini ipo. Nimeiweka.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya ajabu. Tumekagua mtaa wa masonara. Jiwe letu sahani hii, jiwe lao sahani ile. Duka la kwanza, jiwe lao jepesi. La pili, jepesi. La tatu, la nne, mtaa mzima! Maana yake kila mteja wa mtaa ule amekuwa akipewa dhahabu pungufu. Sijawahi kuona kitu cha namna hii katika maisha yangu ya kazi.

Kanuni aling'aa. Alisema huu si uzembe, ni njama. Alitia lakiri mizani baada ya mizani, nta nyekundu ikimdondokea viatuni, wala hakujali.

Duka la mwisho ni la mama mmoja wa makamo yangu, wote wanamwita Bibi Sonara. Ana kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni kama kidani. Nilipomwambia mawe yake yanaiba hakubisha. Aliyatazama kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Haya aliyaacha baba yangu," alisema. "Kama yanaiba, ndugu mkaguzi, basi yameanza leo."

Nikamjibu kwamba shaba haina sababu ya kusema uongo. Jibu zuri. Nililipenda njia nzima. Sheria inataka mawe ya wizi yavunjwe kwa nyundo hadharani. Kanuni amepanga iwe Ijumaa saa nne, kwenye ukumbi wa chama cha masonara, na ya Bibi Sonara ndiyo ya kwanza.

Mchana, Kanuni akiwa ukumbini kupanga ya Ijumaa, nimewabandika tena askari juu ya mawe, nikamaliza nyuso zote. Shemeji ameuliza tena. Nimemtumia picha ya masharubu ya sajini, bila maneno.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewabandua askari wa mwisho kwenye mawe. Nikageuza jiwe moja nilitazame kitako.

Buluu.

Nikageuza la pili. Buluu. Utando mwembamba wa gundi, na ndani yake alama ya ukucha wangu. Mawe yote. Jana tulipima mtaa mzima kwa mawe yaliyoongezewa uzito na mimi, na gundi kiasi kile kwa dhahabu si jambo dogo.

Nilikaa kitandani. Kanuni alikuwa akipiga chapa ripoti na kuimba kwa mluzi.

Nikapima mambo. Nikisema, lazima yaombwe mawe mengine makao makuu. Yatafika Ijumaa jioni. Jumamosi kutwa nitakuwa narudia duka kwa duka, na shemeji atasimama kwenye daraja langu. Nisiposema, kesho Bibi Sonara anavunjiwa mawe ya baba yake mbele ya mtaa, na hakuna tena atakayemuuzia wala kununua kwake.

Nilijaribu njia ya katikati. Nilimuuliza Kanuni, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kama unyevu hauwezi kuathiri shaba. Aliacha mluzi. Akauliza huo unyevu ungewezaje kuwavamia masonara peke yao na kuliacha duka la dawa la jirani, tulilolipima Jumatatu likawa sawa. Nikasema nilikuwa nawaza tu.

Mpango wa pili. Kanuni alipokwenda kuoga, niliyasugua mawe kwa spiriti. Gundi ikagoma pembeni. Nikatoa kisu, nikakwangua. Yakang'aa kama mapya! Nikayafunga kwenye leso, nikaenda mbio kwa Bibi Sonara. Nia yangu ilikuwa kuondoa lakiri kimyakimya, kupima upya, kukuta mambo sawa, kumwambia Kanuni kwamba huruma ilinisukuma kuhakikisha. Wote tungetoka salama.

Bibi Sonara alifunga mlango wa duka nyuma yangu. Nikaweka jiwe langu. Akaweka lake.

Lake likazama.

Nikarudia. Likazama. Shaba ni laini jamani, na kisu changu kikali. Nilikuwa nimekwangua gundi pamoja na ukweli.

Alitazama sindano ya mizani kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza, "Jana nilikuwa nawaibia wateja. Leo najiibia mwenyewe. Kesho utanikuta nimefanya nini, ndugu yangu?"

Niliirudisha lakiri kwa kuyeyusha nta kwa kiberiti. Imekaa upande.

Ijumaa, 7 Machi

Sikula asubuhi. Kikosi kimekamilika, kimekauka, kimelala ndani ya pamba kwenye kopo. Gari la ofisi lingeondoka saa sita. Ilinibidi ninyamaze mpaka saa sita tu.

Ukumbi ulijaa. Masonara mbele, wateja nyuma, na waliosimama madirishani sijui walikuwa nani. Mtu mmoja alimuuliza Bibi Sonara kwa sauti kama pete ya ndoa ya mkewe nayo ni pungufu. Hakugeuka. Wengine wakacheka, kile kicheko cha watu waliokwisha kuhukumu.

Kanuni alisoma kifungu. Akasoma kingine. Mawe ya Bibi Sonara yalipangwa juu ya gogo, kuanzia kubwa hadi dogo, na yote yalikuwa yameng'aa pembeni kwa kushikwa na watu wawili maisha yao yote. Kanuni akakunja mikono ya shati. Akainua nyundo.

Nilikuwa nikitazama saa ya ukutani. Naapa niliazimia kuitazama mpaka mwisho. Nikamwona Bibi Sonara akinyoosha mkono, akalisogeza jiwe dogo kabisa kidogo, likae sawa na mengine. Litavunjwa, naye analipanga.

"Weka nyundo chini," nikasema. "Mawe mabovu ni yangu."

Nikaeleza kwamba mawe ya ofisi yalipata uchafu kutokana na matumizi ya ziada. Kanuni akauliza matumizi gani. Nikasema ya ziada. Akafungua sanduku mbele ya watu. Kwenye kona ya sanduku, nyuma ya jiwe dogo kuliko yote, ambako mimi sikutazama, alikuwa amelala mpiga tarumbeta. Nilikuwa nimemsahau! Kanuni alimnyanyua kwa kibano, na glavu, na akamshika mbali na mwili wake. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ndiyo ile fangasi.

Kelele zilizofuata siziandiki. Kuna aliyeniita mwizi wa majina ya watu, na alikuwa na haki. Bibi Sonara alimchukua yule askari, akavuta kioo chake cha kukuzia, akamgeuza huku na huku kwa muda ambao sikuupenda.

"Vifungo umevipata," akasema. "Sasa rudi uvipate na vipimo vyangu, mtaa mzima ukiona."

Lakiri zote zimetolewa. Nimebaki. Kanuni anaandika ripoti mpya, na mluzi umerudi.

Kikosi nimempa dereva akipeleke kwa shemeji. Ningefanyaje? Kama si hivyo, mji wangu ungelindwa na kola za manjano. Nimempigia nikamwelekeza: asiwatoe wote mbele, akiba iwekwe nyuma ya kinu cha kusagia unga, na mzinga usiguswe mpaka adui afike majini. Alisema ndiyo, shemeji, kwa kila neno. Namjua. Hakuandika hata moja.

Jumamosi, 8 Machi

Mawe mapya yalifika jana jioni. Tangu asubuhi nimepima mtaa mzima, glavu na kibano, watu wakinifuata duka hadi duka kama harusi. Kila jiwe sawa. La Bibi Sonara sawa kabisa, sindano haikutikisika. Yule wa pete alikuja kuomba radhi. Bibi alimuuzia mkufu, na hakumpunguzia hata kidogo.

Jioni mke wangu, aliyekwenda kutazama mchezo, amepiga simu. Nilimuuliza mara mbili, sikuamini. Daraja limeshikiliwa! Kwa mara ya kwanza. Adui amerudi alikotoka, wanachama wamesimama wakapiga makofi, na mji wangu jioni hii uko mkavu, una taa, una watu ndani. Nilifurahi kweli, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Kisha akapiga shemeji mwenyewe. Alinishukuru. Alisema vijana wangu walisimama kama chuma. Akiba hakuiweka nyuma ya kinu, ilikuwa ikimziba. Halafu, kama mtu anayeeleza alivyosogeza kiti, akasema daraja nalo alilisogeza kidogo kushoto, mzinga upate nafasi.

Alilisogeza daraja.

Jumapili, 9 Machi

Tunarudi. Kanuni amekaa mbele na dereva, mimi nyuma. Nimeonywa kwa maandishi, nakala kwa mkurugenzi. Nimekubali kila neno.

Asubuhi nimempigia mwenyekiti wa chama. Nimemwambia shemeji abaki na walinzi, anawaweza. Mimi safari ijayo naomba jeshi la wavamizi. Mwenyekiti alistaajabu, kisha akakubali haraka mno. Hawana anayelitaka.

Hawajui wamempa nani. Mimi ndiye pekee aliye hai anayejua ukuta ulivyo mfupi nyuma ya kiwanda cha ngozi, na kichochoro kinachotokea moja kwa moja kwenye kinu. Nitaingia kwa huko. Nitaanza kuchoma mnara, kisha soko, kisha mtaa wetu ikibidi. Walinzi wakishatoka wote nitalirudisha daraja mahali pake.

Mke wangu ameniuliza kwenye simu ni mtu gani anayechoma kwao. Nimemwambia hajui mambo ya kijeshi.

Makoti ya wavamizi ni ya samawati. Dereva ana mkono mtulivu kwenye kona, na mpiga ngoma wa kwanza wa adui, niliyemnunua asubuhi mjini, ameshaanza kukauka juu ya sanduku.