Tawi la Pili la Karakana Yangu

Jumatatu, 9 Juni
Balaa! Makadirio ya kodi yamekuja. Wamenihesabia karakana mbili za makochi. Mbili! Ninayo moja tu, na hiyo yenyewe inavuja. Ile ya zamani nilishahama, ila wao bado wanaihesabu. Nisipolipa watatia kufuli, na wakitia kufuli nimekwisha. Makochi ndiyo ada ya watoto, ndiyo chakula, ndiyo mimi. Mama watoto kasema wamekosea tu, tuweke pingamizi, ni haki yetu. Haki! Mwanamke huyu haijui serikali. Chakula kimenishinda. Baadaye nimekula, nikamalizia na cha watoto, kwa woga.

Jumanne, 10 Juni
Mama watoto kaenda ofisi ya kodi bila kuniuliza. Karudi anatabasamu. Eti ukutani wamebandika haki za mlipakodi: kupinga makadirio, kusikilizwa, kutunziwa siri, kuhudumiwa kwa heshima. Pingamizi kashaliweka. Hakuna kufuli mpaka uamuzi utoke. Kwanza afisa atakuja kuhakiki.

Kuhakiki! Ataona makochi yamejaa, atasema huyu tajiri. Lazima akute patupu. Mama watoto sijamwambia kitu. Ataanza kunielimisha.

Jumatano, 11 Juni
Nimepata akili! Makochi yote yamehamia kwenye chumba changu cha zamani. Mwenye nyumba hajapata mpangaji, kanipa ufunguo bila maswali. Nani atanitafuta mahali nilikohama? Nimejipongeza sana.

Mlinzi nimemweka shemeji, kaka yake mama watoto. Hana kazi tangu alipogombana na kila bosi aliyemwajiri. Nimemwambia akae ndani, kimya. Kasema nisiwe na wasiwasi. Hapo ndipo wasiwasi uliponianza upya.

Fundi vitanda wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Msumari, kauona mkokoteni, kauliza kama nafilisika. Alivyofurahi! Nimemjibu ni siri. Halafu nikamweleza siri yenyewe, asije akadhani nafilisika kweli.

Alhamisi, 12 Juni
Afisa kaja. Binti mdogo, mpole. Upole gani ule! Kaonyesha kitambulisho kabla sijauliza, kaniita mzee wangu, kaomba ruhusa ya kuingia. Jasho limenitoka mpaka kwenye soksi. Mtu haombi ruhusa kuingia kwako kama hana jambo. Kauliza kazi zinaendaje. Nimesema biashara imekufa kabisa. Papo hapo mteja kaingia kuulizia kochi lake. Nimekohoa mpaka katoka.

Mama watoto kaeleza vizuri: karakana ni hii moja, ya zamani tulihama, haina hata kijiti. Afisa kaitikia, kasema basi ni jambo dogo. Asubuhi atapita kule athibitishe chumba ni kitupu, halafu makadirio yatapunguzwa.

Kule!

Nimetafuta kochi la kukalia. Hakuna hata moja. Nimekaa sakafuni.

Ijumaa, 13 Juni
Jana nimempigia shemeji mpaka simu ikaisha chaji. Hapokei. Leo nimedamka na mkokoteni, gurudumu likachomoka njiani. Nimefika mbio. Nimechelewa.

Afisa ameketi kwenye kochi langu, anapewa soda. Mlangoni kuna kibao, rangi bado mbichi: TAWI LA PILI. Shemeji kachoka kukaa kimya, kaamua kuuza! Kauza makochi mawili, katoa na risiti. Simu alikuwa hapokei kwa sababu ya wateja. Na mbele ya afisa kaniomba nimpandishe cheo.

Afisa kaniambia, kwa upole uleule, nina haki ya kusikilizwa, niseme nilicho nacho. Nimesema makochi haya siyajui. Kila moja lina jina langu limechomwa mguuni, herufi kubwa. Nililichoma mwenyewe, kwa kuhofia Msumari asiniibie.

Kaandika. Pingamizi limekataliwa. Kabla ya kuondoka katukumbusha kwamba tunaweza kukata rufaa kwenye bodi ya rufaa za kodi, na kufuli lisubiri. Nilitamani anitukane.

Mama watoto hakunigombeza. Kaniuliza tu, taratibu, tukifungiwa, watoto watakula nini. Nimeogopa kweli, si kwa kujifanya. Nimejificha chooni, nikalia.

Jumanne, 17 Juni
Rufaa imepokelewa! Bodi watakuja kujionea wenyewe. Mama watoto kasema bado tunaweza kuokoka. Makochi yarudi karakanani mchana kweupe, nieleze ukweli kwamba niliyaficha kwa woga, na mwenye nyumba atatoa ushahidi kwamba tulishahama. Kanitaka niape sitaficha tena kitu. Nimeapa. Nimejisikia mwepesi, mtu mpya. Ukweli mtupu nitausema.

Lakini bodi ni watu watatu. Macho sita! Wakikuta makochi yamejaa, si watasema huyu tajiri? Nimepita kwa Msumari, kumwuliza tu. Ana stoo kubwa, kasema niyalete yote, wala haniulizi kitu. Alivyofurahi! Kumbe ni mtu mwema.

Shemeji atalinda. Safari hii nimemnyang'anya brashi ya rangi.