Leso za Bi Coralee

Jumatatu, 4 Mei

Aibu tupu. Mwenzangu Irmgard kaleta keki ya tufaha bustanini kusherehekea mti wake wa magnolia uliochanua maua ya manjano. Sisi watunzaji miti wa kujitolea, kila mmoja na mti wake, tumekula. Mti wangu ni mti wa leso. Wenzake hujaa maua meupe yanayoning'inia kama leso kwenye kamba. Huu wangu tangu upandwe ni majani tu. Irmgard kaniuliza, mdomo umejaa, "Wendell, huo ni mti kweli, au kigingi cha kufungia mbwa?" Wote wakacheka. Nami nikacheka. 

Jumatano, 6 Mei

Jumamosi ni siku ya wageni. Nimepata wazo! Nimezunguka nusu ya Ohio nikinunua leso nyeupe za pamba. Muuzaji mmoja alidhani nimefiwa, akanipa pole. Nikaipokea.

Ijumaa, 8 Mei

Ngazi, uzi wa kijani, kufunga leso mtini mpaka mabega yanawaka. Ukiutazama kutoka njiani, uzuri wake hausemeki! Irmgard kafika, kakodoa macho. Kisha kanipa mkono, kasema amenikosea miaka yote hii. Nikamwambia siri ni samadi na subira. Subira! Mungu anisamehe.

Jumamosi, 9 Mei

Niandike nini? Mkuu wa bustani, kwa furaha, alimpigia simu Bi Coralee Fenwick, mjane wa mzee aliyeupanda mti huu. Sikujua kama yu hai! Kaletwa kwa kiti cha magurudumu, na kofia yake ya kanisani. Akautazama mti. Kisha akasema taratibu, "Hobart, mume wangu, mti wako umechanua." Machozi yakamtiririka.

Nilitamani ardhi inimeze. Akaomba asogezwe. Nikapiga kelele kwamba maua haya hayaguswi! Nani wa kunisikia? Akavuta moja. Likaja na uzi wake. Akaligeuza, akalipapasa.

"Ua hili limepigwa pasi," akasema.

Akauliza mtunzaji ni nani. Nikainua mkono kama mtoto aliyejikojolea darasani. Akanitazama weee. Kisha akapenga kamasi kwa nguvu zake zote, akanikabidhi leso ikiwa imelowa.

"Shika ua lako, mwanangu."

Jumapili, 10 Mei

Nimezifungua zote. Irmgard kanishikia ngazi. Heri angenitukana. Baadaye nikaenda kwa Bi Coralee kuomba radhi. Kaniambia Hobart aliusubiri mti ule mpaka kufa, na hakuudai maua hata siku moja. Kisha kanipakulia supu ya kuku na tambi. Nikala huku nimeinama. Nimeapa mbele yake: sitamdanganya mtu tena.

Jumanne, 12 Mei

Nimenyang'anywa mti wa leso, kapewa Irmgard. Mimi nimepewa kichaka kiitwacho mti wa moshi. Ikifika Juni, maua yake yanatakiwa kukifunika kama wingu la moshi. Hiki kimenyong'onyea, hakionyeshi dalili yoyote. Kiapo changu nakishika. Lakini nilichoapa ni kutodanganya watu; kuusaidia mti mgonjwa ni huruma. Kopo la makaa ya moto, majani mabichi kidogo juu yake, basi. Nimemuuliza Irmgard upepo wa Juni huvuma kuelekea wapi. Kaniangalia vibaya sana. Wivu!